Tabibu wa Wafalme Aliyeyakuta Majani Yakipumua Gizani

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Namanga, ukaupita mji wa Kitengela na magorofa yake, ukayaacha nyuma maduka ya saruji na mabati pamoja na mabango ya ploti za kuuzwa, hatimaye macho hupata mahali pa kutua. Ni mbuga. Kuelekea Isinya na Kajiado ardhi imetandazwa kama mkeka, kijani wakati wa mvua, rangi ya simba wakati wa kiangazi. Ng'ombe wa Wamasai wanachunga hapo, na huku na huko swala na punda milia ambao bado hawajazibiwa njia na seng'enge.

Hebu tuulize swali la kitoto. Hizi nyasi zimetoka wapi? Mzee wa Kimasai atakujibu kwamba zimeletwa na mvua, wala hakosei. Mkulima wa Kiambu atasema zimetoka kwenye udongo, naye ana sehemu ya haki. Lakini ukizikausha nyasi hizo mpaka maji yote yatoke, kisha ukazipima, karibu nusu ya uzito unaobaki ni kaboni, yaani makaa, na kaboni hiyo haikutoka kwenye mvua wala kwenye udongo. Ilitoka hewani. Ng'ombe anayeuzwa sokoni Kajiado, pembe, ngozi na mnofu, ni hewa iliyopitia kwenye majani.

Aliyetangulia kuuona mlango ambamo hewa hiyo huingia, na kutambua kwamba mlango huo hufungwa jua linapozama, hakuwa mkulima wala mfugaji. Alikuwa tabibu Mholanzi aliyewahudumia wafalme, jina lake Jan Ingenhousz. Afrika hakuifika. Amekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na wengi wetu tulilikuta jina lake shuleni tukalipita haraka kwa kuwa ni gumu kutamka.

Alizaliwa mjini Breda, Uholanzi, tarehe 8 Desemba 1730. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Katika miaka ya 1740, Ulaya ilipokuwa vitani, majeshi ya Kiingereza yalipiga kambi karibu na Breda, na daktari mmoja wa jeshi hilo, Mskoti aliyeitwa John Pringle, akawa rafiki wa nyumba ya Ingenhousz. Urafiki huo wa bahati ndio uliokuja kuyageuza maisha ya kijana Jan. Kwanza alipelekwa Chuo Kikuu cha Louvain katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, akapata shahada ya udaktari mwaka 1753. Baadaye akaenda Leiden, mahali ambapo mwalimu mashuhuri Musschenbroek alikuwa akifundisha habari za umeme. Kisha akarudi nyumbani kutibu watu kama daktari yeyote wa mji mdogo.

Baba yake alipofariki mwaka 1764, hapakuwa na la kumzuia Breda. Pringle, ambaye sasa alikuwa tabibu mkubwa London, alimwita, naye akavuka bahari.

Siku hizo adui mkubwa wa Ulaya alikuwa ndui. Ugonjwa huo haukuchagua kati ya ikulu na kibanda. Kinga iliyojulikana ilikuwa ya kutisha: kuchukua usaha kutoka kwenye kipele cha mgonjwa, kuutia katika mkwaruzo mdogo kwenye ngozi ya mtu mzima wa afya, na kuomba kwamba atauugua ugonjwa kidogo tu na kupona. Wengi walipona na hawakupata ndui tena maisha yao yote. Wachache walikufa. Wazungu waliijua njia hiyo kutoka kwa Waturuki, na sehemu kadhaa za Afrika na Asia zilikuwa zikiitumia kabla yao. Ingenhousz alijifunza kazi hiyo katika hospitali ya watoto waliotupwa mjini London, na mwaka 1768 ndui ilipotishia vijiji vya Hertfordshire, yeye na mwenzake Thomas Dimsdale waliwachanja wanavijiji wapatao 700.

Habari hizo zilifika mbali. Dimsdale aliitwa Urusi kumchanja Malkia Katerina. Mjini Vienna, Malkia Maria Theresa wa Austria alikuwa amezika watoto kwa sababu ya ndui, na mwaka 1767 yeye mwenyewe aliugua akaponea chupuchupu. Akaomba Uingereza imtafutie daktari. Mfalme George wa Tatu akamchagua Ingenhousz.

Fikiri, msomaji, uzito wa safari hiyo. Mtu aliyekuwa juzijuzi daktari wa mtaani Breda sasa anaingia katika jumba la kifalme na sindano yenye usaha wa ndui, na anatakiwa kumtia mwana wa malkia ugonjwa kwa makusudi. Mtoto akifa, nani atamtetea? Kabla ya kuwagusa wana wa kifalme, dawa ilijaribiwa kwanza kwa watoto wa maskini wa Vienna. Jambo hilo linauma tukilisoma leo, na hatuna sababu ya kulifunika. Watoto wa kifalme walichanjwa baadaye mwaka huohuo wa 1768, wakapona wote. Maria Theresa alimfanya tabibu wa baraza lake, na akampa malipo ya gulden 5,000 kila mwaka kwa maisha yake yote. Mwaka uliofuata alikwenda Florence kumchanja mwana wa malkia aliyetawala huko, na Shirika la Kifalme la wanasayansi la London likamchagua kuwa mwanachama.

Mwaka 1775 alimwoa Agatha Maria Jacquin, dada wa mtaalamu mkubwa wa mimea wa Vienna. Hawakujaliwa watoto. Kwa mtu mwingine, hapa hadithi ingekwisha: mshahara wa uhakika, mke wa ukoo wa heshima, jina lenye sifa. Lakini Ingenhousz alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua, na ugonjwa huo haukuwa na chanjo.

Alitengeneza mashine za umeme. Aliandikiana barua kwa miaka mingi na rafiki yake Benjamin Franklin, Mmarekani mashuhuri wa habari za radi. Alichukua nyaya za metali mbalimbali, akazipaka nta, akazitia moto upande mmoja aone nta itayeyuka upesi kwenye metali ipi. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili nchini Kenya amewahi kuliona jaribio hilo kwenye kitabu cha fizikia, ingawa mara nyingi jina la mwenyewe limeachwa. Lakini kazi iliyomweka katika historia aliifanya katika kiangazi kimoja tu, cha mwaka 1779.

Ili tuielewe kazi hiyo, tuanze na magadi.

Kila mpishi wa nchi yetu anayajua magadi, yale yanayotiwa kwenye maharagwe au githeri ili viive upesi. Hutoka Ziwa Magadi, upande wa magharibi wa Kajiado, ambako kampuni ya kuyachimba ilianza mwaka 1911 na reli ya Magadi inapita katikati ya mji wa Kajiado. Chukua kipande cha magadi ukikamulie ndimu. Kitachemka na kutoa povu ingawa hakuna moto. Viputo vile ni gesi iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Kiwandani, magadi yanapotiwa kwenye tanuri, gesi hiyohiyo hutoka pamoja na mvuke. Mskoti Joseph Black aliifanyia uchunguzi katika miaka ya 1750 kwa kuchoma mawe ya namna hiyo, akaiita kwa jina lenye maana ya hewa iliyofungwa. Aliona kwamba mshumaa huzimika ndani yake, na kwamba sisi wenyewe tunaitoa tunapopumua. Leo tunaiita kaboni-dayoksaidi, au hewa ya ukaa.

Sasa likazuka fumbo. Ikiwa kila mtu, kila ng'ombe na kila jiko hutoa hewa hii isiyoweza kuuhifadhi uhai, mbona dunia haijakosa pumzi? Mwaka 1771 mchungaji Mwingereza, Joseph Priestley, aliuwasha mshumaa ndani ya chupa iliyofunikwa mpaka ukazimika wenyewe, kisha akatia kichipukizi cha nanaa. Siku chache baadaye mshumaa mwingine uliwaka vizuri ndani ya hewa ileile. Mmea ulikuwa umeisafisha! Alisifiwa sana, na Pringle, wakati huo rais wa Shirika la Kifalme, ndiye aliyemkabidhi nishani mwaka 1773. Lakini shida ilikuwa moja. Wengine waliporudia jaribio walishindwa. Scheele wa Sweden alishindwa. Priestley mwenyewe aliporudia, mara nyingine lilikubali na mara nyingine likakataa, na hakujua kwa nini.

Mwezi wa Juni 1779 Ingenhousz, akiwa kwenye likizo ndefu aliyopewa na malkia wake, alikodi nyumba mashambani karibu na London, akajifungia humo na chupa na madumu ya maji. Kwa muda wa miezi mitatu hivi alifanya majaribio zaidi ya 500. Hesabu mwenyewe ni mangapi kwa siku.

Njia yake ilikuwa rahisi kiasi kwamba mtoto wa shule ya msingi anaweza kuirudia leo. Aliyatia majani mabichi ndani ya chupa iliyojaa maji, akaipindua chupa ndani ya chombo kingine cha maji, akaiweka juani. Baada ya muda mfupi viputo vilianza kujikusanya juu ya majani kama lulu, vikapanda na kukaa juu ya chupa. Alipoipima hewa ile aliikuta ni safi kuliko hewa ya kawaida. Kijiti chenye kaa dogo kiliwaka ghafla ndani yake. Ndiyo oksijeni ya sasa. Kisha akaihamishia chupa kivulini. Viputo vikapungua. Akaiweka gizani. Vikakoma.

Wapinzani wangeweza kusema kwamba ni joto la jua lililotoa viputo, kama vile sufuria inavyotoa viputo ikianza kupata moto. Basi akaziweka chupa nyingine karibu na moto, mahali penye joto lakini pasipo na jua. Majani hayakutoa hewa safi. Kumbe si joto, ni nuru. Akajaribu maua, matunda na mizizi. Havikusafisha hewa hata juani. Ni sehemu za kijani tu zenye uwezo huo.

Halafu likaja lile ambalo halikutarajiwa. Alipoifungia mimea pamoja na hewa ya kawaida usiku kucha, asubuhi aliikuta hewa imeharibika, mshumaa hauwaki vizuri. Majani yaleyale yaliyoisafisha hewa mchana yalikuwa yakiichafua usiku, kama sisi. Yalikuwa yanapumua. Hapo fumbo la Priestley likafumbuka: siku jaribio lilipokubali mmea ulikuwa umepata mwanga wa kutosha, na siku lilipokataa haukuupata.

Ingenhousz hakungoja. Alijua wengine walikuwa karibu kulifikia jambo hilo, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo kitabu chake kilikuwa madukani London. Haraka hiyo ilimletea sifa, na ikamletea pia maadui. Priestley aliona kwamba heshima yake imeguswa. Jean Senebier wa Geneva, aliyeonyesha mwaka 1782 kwamba mmea hautoi hewa safi mpaka uwe na hewa ya ukaa ya kula, naye alikuwa na madai yake. Ugomvi wao wa nani alitangulia uliendelea kwa miaka mingi, na tukiusoma leo tunaona kila mmoja alikuwa ameshika mguu mmoja wa ng'ombe na kudai ng'ombe mzima ni wake. Ingenhousz hakuwa mnyenyekevu katika jambo hilo. Pia aliikuza mno hatari ya usiku, akaonya watu wasilale na maua na mimea chumbani. Onyo hilo limesafiri mpaka kwetu. Wapo wanaotoa chungu cha maua chumbani kila jioni hadi leo. Kweli ni kwamba mtu mmoja aliyelala hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko mmea wa chunguni kwa mbali sana. Ukiogopa ua, mwogope kwanza mwenzako wa kitandani.

Ilimchukua miaka zaidi kuufikia upande wa pili wa jambo. Kusafisha hewa ilikuwa kama moshi wa jikoni. Chakula chenyewe kilikuwa kipi? Zamani Mbelgiji van Helmont alipanda mti kwenye pipa la udongo uliopimwa, akautia maji kwa miaka mitano. Mti ukafikia uzito wa ratili 169 na udongo ukapungua kiasi kidogo kisichofaa kutajwa, naye akaamua kwamba mti umeumbwa kwa maji. Mwaka 1796, akiwa mzee wa miaka 65, Ingenhousz aliandika kijitabu kwa ajili ya bodi ya kilimo ya Uingereza akieleza kwamba mimea hupata kaboni yake kutokana na hewa ya ukaa. Miaka minane baadaye, mwaka 1804, Mswisi Nicolas-Théodore de Saussure aliithibitisha habari hiyo kwa mizani, na kuonyesha kwamba maji nayo yana sehemu katika uzito wa mmea.

Basi tuna kanuni ya mfuko wenye matundu mawili. Mchana nyasi huvuta hewa ya ukaa na kuifanya majani; usiku na mchana nyasi, mizizi, wadudu, ng'ombe na vijidudu vya udongo huirudisha. Kinachobaki kati ya kuingia na kutoka ndicho akiba ya ardhi. Ulimwenguni mimea ya nchi kavu huchota takriban tani bilioni 120 za kaboni kila mwaka, na karibu zote hurudi. Mafuta na makaa ya mawe tunayochoma yanaongeza bilioni 10 hivi juu yake. Siku za Ingenhousz, kati ya sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa hewa ya ukaa. Sasa zimepita 420. Kenya ina kituo cha Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa juu ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,600 kutoka usawa wa bahari, kilichofunguliwa mwaka 1999, ambako hewa huchunguzwa mbali na moshi wa miji.

Lakini kituo cha mlimani husoma hewa ya nchi nyingi pamoja. Akiba ya mbuga ya Kajiado itajulikanaje? Huwezi kuifunika mbuga kwa chupa.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mradi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, walifanya kazi ya jasho kwenye nyasi za Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ng'ambo tu ya mto kutoka Kitengela. Walikata nyasi, wakachimba mizizi, wakakausha na kupima, mwezi baada ya mwezi. Walihesabu pia yale majani yanayokufa na kuoza kabla hayajapimwa, ambayo wapimaji wengi wa zamani walikuwa wakiyasahau, na matokeo yake ni kwamba mbuga ilionekana kuzalisha zaidi sana kuliko ilivyodhaniwa. Kazi hiyo ilichapishwa kitabuni mwaka 1992 pamoja na ya Mexico, Thailand na bonde la Amazon.

Sasa kuna njia ya mnara. Katika shamba la Kapiti, wilaya ya zamani ya Machakos, kwenye uwanda huohuo unaopakana na Kajiado, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ina eneo la ekari zipatazo 32,000, na humo umesimamishwa mlingoti wenye vyombo viwili. Kimoja hupima upepo kwa sauti, si unakoelekea tu bali pia kama unapanda au unashuka. Cha pili hupima hewa ya ukaa kwa mwali usioonekana na macho. Vyote viwili husoma mara kumi au zaidi kwa kila sekunde moja. Upepo, msomaji, hauendi kama maji ya mfereji; umejaa visulisuli vidogo vinavyopanda na kushuka. Mchana, kisulisuli kinachoshuka huwa na hewa ya ukaa zaidi kuliko kinachopanda, kwa maana nyasi zimekwisha kula sehemu yake. Usiku mambo hugeuka. Jumlisha tofauti hizo kwa nusu saa, nawe utajua mbuga imeweka au imetoa kiasi gani. Ni chupa ya Ingenhousz bila chupa.

Hata mnara una udhaifu wake, na ajabu ni kwamba udhaifu huo uko usiku uleule uliomshangaza tabibu wetu. Upepo ukitulia kabisa, hewa ya ukaa hutambaa chini kwa chini kama maji, chombo cha juu kisiione, na mbuga ikaonekana kana kwamba haikupumua. Ndiyo maana wataalamu huzitupa hesabu za usiku mtulivu na kuzikadiria kwa njia nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo mfugaji wa Kajiado analijua kwa pua yake, ile harufu ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu. Katika siku hizo ardhi haiweki akiba bali hutoa. Vijidudu vilivyolala kwenye udongo mkavu huamka kwa pamoja vikala mabaki ya kiangazi, na hewa ya ukaa hufumka kutoka ardhini. Tukio hilo ulimwenguni kote linaitwa kwa jina la Birch, mtafiti aliyelichunguza hapahapa kwetu Muguga, katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki, na kuliandika mwaka 1958. Kwa hiyo mtu atakayepima mbuga kwa wiki moja tu, akasema amejua akiba yake, amekupima homa kwa kukuangalia kiatu.

Na hapa si mambo ya darasani tena. Katika miaka ya karibuni wafugaji wa Kajiado wamefikiwa na miradi ya kaboni. Wanaombwa wazungushe mifugo malishoni kwa utaratibu fulani kwa miaka mingi, udongo uweke kaboni zaidi, na kaboni hiyo iuzwe kwa makampuni ya ng'ambo yanayotaka kufidia moshi wao. Sheria ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka asilimia 40 au zaidi ya mapato ya miradi ya ardhi iende kwa wenyeji. Asilimia 40 ya nini? Ya kile kipimo kitakachosema. Ng'ombe hupimwa sokoni mbele ya mwenyewe, akaguswa, akatazamwa meno. Kaboni ya udongo haionekani, na anayeipima mara nyingi ni yuleyule anayeiuza. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, misimu ya mvua ilipokosa mmoja baada ya mwingine, uliua mifugo mingi Kajiado na kuiacha ardhi wazi. Mkataba uliotiwa sahihi wakati wa nyasi unasemaje juu ya miaka kama hiyo? Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba, kabla ya mtu kuweka kidole gumba kwenye karatasi, aulize kipimo kilifanywa wapi, msimu gani, na kwa muda gani, na aulize kama usiku ulihesabiwa.

Wakati huohuo Kitengela yenyewe inakatwa vipande. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola nne za Kimarekani kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua, nyumbu wapate kupita. Ulisaidia, lakini ploti ililipa zaidi. Nyumbu waliokuwa wakimiminika kutoka mbugani kila msimu wamebaki wachache mno. Nyasi iliyofunikwa kwa saruji haivuti hewa yoyote, mchana wala usiku.

Turudi kwa tabibu wetu, ambaye uzee wake haukuwa na utulivu. Mwaka 1788 aliondoka Vienna kwa safari iliyokusudiwa kuwa ya muda. Julai 1789 alikuwa Paris, na huko akakutwa na mapinduzi. Wananchi walipoivamia gereza ya Bastille, mtu wa baraza la kifalme la Austria hakuwa na sababu ya kukawia barabarani. Alitoka Ufaransa, akapitia kwao Uholanzi, akafika Uingereza. Vita vikaifunga Ulaya. Vienna hakurudi tena, na mke wake alibaki huko.

Mwaka 1798 alifanya kosa ambalo linamfanya kuwa binadamu kamili. Daktari wa shamba, Edward Jenner, alitangaza kwamba mtu akitiwa usaha wa ugonjwa mdogo wa ng'ombe hukingika na ndui, bila hatari ya ile njia ya zamani. Ingenhousz, aliyeipata heshima yake yote kwa njia ya zamani, alimwandikia Jenner akipinga. Aliona ushahidi hautoshi. Njia ya Jenner ndiyo iliyoshinda, na ikaendelea kushinda mpaka mwezi Oktoba 1977, kijana mpishi wa hospitali mjini Merka, Somalia, alipokuwa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha. Adui aliyemfungulia Ingenhousz milango ya ikulu alimalizwa kwa silaha aliyoikataa, na pambano la mwisho likawa katika pwani yetu.

Miaka yake ya mwisho alikuwa mgeni wa mara kwa mara katika Bowood, jumba la bwana mkubwa Lansdowne huko Wiltshire. Katika jumba hilohilo, mwezi Agosti 1774, Priestley alikuwa ameitoa oksijeni kwa kukusanya nuru ya jua kwa kioo. Watu wawili walioshindana nani aliifahamu pumzi ya majani walipitia mlango mmoja, kwa nyakati tofauti. Priestley wakati huo alikuwa amekwisha hamia Marekani. Ingenhousz alifia Bowood tarehe 7 Septemba 1799, akiwa na miaka 68, akazikwa katika mji wa Calne ulio karibu.